Alice Seeley Harris, mama aliyepiga foto ya Nsala

Ile foto wengi wetu tumeiona, hata kama hatujui ilitoka wapi. Mwanaume mmoja ameikaa pembeni ya baraza. Mwili wake umeinama kidogo, macho yake yako chini. Mbele yake, juu ya sakafu, kuna vitu viwili vidogo. Ukiangalia haraka utazani ni vipande vya muti. Ukikaribia, unaona: ni mkono na mguu wa mtoto.

Ule mwanaume aliitwa Nsala, mtu wa kijiji cha Wala. Mtoto aliitwa Boali, binti yake, alikuwa na karibu miaka 5. Foto ilipigwa katikati ya mwezi wa tano mwaka wa 1904, kwenye misioni ya Baringa, kandokando ya mto Maringa, ile fasi ambayo leo iko katika jimbo la Tshuapa. Inazunguka sana kwa simu, zaidi tarehe 30 mwezi wa sita ikikaribia, na mara nyingi inazunguka bila jina hata moja. Haina jina la baba, haina jina la mtoto, haina jina la ule aliyekuwa nyuma ya aparei.

Nyuma ya aparei kulikuwa mama mmoja Mwingereza, Alice Seeley Harris. Hakusomea kazi ya foto. Alikuja Kongo kama mumisionere, kazi yake ilikuwa kufundisha watoto. Lakini ukiuliza ni nani aliyeonyesha dunia kwa macho yale Léopold wa Pili alifanya katika hii inchi, jina lake ni la kwanza kutajwa. Basi msikilizaji, tuangalie ni nini kilimsukuma, na alitafuta nini alipoinua ile aparei.

Alice alizaliwa mwaka wa 1870 huko Malmesbury, kusini-magharibi mwa Uingereza. Jamaa yake haikuwa ya watajiri. Akiwa kijana alipata kazi ya ofisi ya serikali huko London, kazi nzuri kwa msichana wa wakati ule, yenye mshahara wa kila mwezi. Lakini mangaribi, akishatoka kazini, alikuwa anaenda kwenye mitaa ya wamaskini kufundisha na kuhubiri. Roho yake ilikuwa huko, si kwenye makaratasi. Mwishowe akaacha kazi ya serikali, akajiunga na shirika lililokuwa linatayarisha wamisionere wa kwenda mbali.

Alikutana na John Hobbis Harris, kijana mwenye nia kama yake. Walioana mwezi wa tano mwaka wa 1898, na kisha siku 4 tu wakapanda meli kuja Kongo. Hapa kwetu watu wangesema hawakungoja hata vyombo vya arusi vikauke! Walifika Matadi, wakapanda kuelekea Équateur, kwenye vituo vya misioni iliyoitwa Congo Balolo Mission. Kwanza walikuwa Ikau, kisha wakahamia Baringa, katikati ya watu wa kabila la Wamongo.

Sasa, Kongo gani ile walifikia? Haikuwa koloni ya Ubelgiji bado. Tangu mwaka wa 1885 ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Léopold wa Pili, ambaye hakukanyaga hata siku moja udongo wa hii inchi. Huko Ulaya, kutengeneza matairi ya baiskeli na kisha ya motokari kulikuwa kumepandisha sana bei ya kaucho, mpira wa pori. Léopold aligawanya pori kwa makompanyi. Eneo la Baringa lilipewa kompanyi iliyoitwa ABIR, iliyoanzishwa mwaka wa 1892.

Kaucho ya wakati ule haikutoka kwenye mashamba. Ilitoka kwenye kamba za pori zinazopanda juu ya miti. Wanaume walipaswa kuingia porini siku nyingi, kupanda, kukata, kungojea utomvu, kuugandisha, na kurudi na kikapo kilichojaa. Kamba za karibu zikiisha, wanaenda mbali zaidi. Kila kijiji kilikuwa na kipimo chake. Kwa kusimamia kile kipimo, kompanyi iliweka walinzi wenye bunduki katika vijiji, wale waliitwa sentinelle. Kikapo kikipunguka, wanawake wanafungwa mpaka waume walete. Fimbo ya kiboko ilikuwa kila fasi. Na mambo ya mikono iliyokatwa yalitoka hapo: askari alipaswa kuonyesha kwamba hakupoteza risasi bure, kwa hiyo alileta mkono wa kuume wa ule aliyeuawa. Aliyepiga nyama porini kwa risasi ya kompanyi, alitafuta mkono wa mtu mwingine, hata mzima, ili hesabu yake iwe sawa.

Njo inchi ile Alice aliingia na aparei yake.

Mwanzoni foto zake zilikuwa za kawaida ya wamisionere: watoto wa shule, vijiji, wanawake kwenye kazi zao, miti na mto. Misioni ilikuwa na gazeti lake huko Uingereza, na foto zilisaidia watu wa kule kuelewa feza zao zilikuwa zinafanya nini. Kuna moja inayojulikana sana ambamo yeye mwenyewe amesimama na nguo nyeupe katikati ya kundi kubwa la watoto. Ni foto ya kuomba msaada, tuseme hivyo. Mama mweupe katikati, watoto weusi pande zote. Tutarudi kwa ile foto, sababu inasema kitu kuhusu yeye ambacho ile ya Nsala haisemi.

Kilichobadilisha kazi yake ni watu waliokuwa wanakuja mlangoni. Baringa ilikuwa karibu na kituo cha ABIR. Wenye vidonda vya fimbo, wenye kukimbia, wenye habari ya ndugu waliouawa, walikuja kwa misioni sababu hawakuwa na fasi ingine ya kupeleka malalamiko. John aliandika barua. Wamisionere wengine pia, na hata mbele yao, walikuwa wameandika barua. Jibu lilikuwa moja: uongo, chuki ya Waprotestanti, wivu wa wafanyabiashara Waingereza. Léopold alikuwa na watu wa kulipwa huko Ulaya kwa kazi hiyo tu, kukanusha kwenye magazeti. Na viongozi wa misioni yenyewe walikuwa wamekaa kimya miaka mingi, sababu ni serikali ya Léopold iliyokuwa inatoa viwanja vya kujengea vituo. Ukisema sana, unakosa kiwanja.

Huko Ulaya watu wawili walikuwa wameanza kufungua mlango. Edmund Morel, karani wa kompanyi ya meli, aliona kwenye vitabu vya hesabu kwamba meli zinakuja kutoka Kongo zimejaa kaucho na pembe, lakini zinarudi na bunduki na risasi. Akauliza swali la mtu mwenye akili: hawa watu wa Kongo wanalipwa na nini? Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alitembea katika Kongo ya juu mwaka wa 1903, na ripoti yake ikatoka mwanzoni mwa 1904. Mwezi wa tatu mwaka uleule, Morel na wenzake walianzisha huko Liverpool chama cha kudai mabadiliko katika Kongo.

Lakini ripoti ni karatasi. Casement alikuwa amemtaja kijana mmoja, Epondo, aliyepoteza mkono. Watu wa Léopold wakasema ni nguruwe wa pori aliyemuma. Unaona mchezo? Kila mkono uliokatwa ulipata maelezo mengine. Nyama ya pori, ugonjwa, vita vya makabila.

Nsala alifika katika mwezi ule. Walinzi wa kompanyi walikuwa wameshambulia Wala sababu kijiji hakikufikisha kipimo cha kaucho. Waliua mke wake, jina lake Bongingangoa, na Boali, na watu wengine. Miili haikupatikana mizima. Kile Nsala aliweza kuokota alikifunga ndani ya majani, akakibeba mpaka Baringa. Alice alikuwa pale pamoja na mumisionere mwenzake, Edgar Stannard. Majani yalifunguliwa mbele yao.

Hapa msikilizaji atuvumilie, tukae kidogo, sababu njo fasi ambapo tunaweza kuona Alice alikuwa mpiga foto wa namna gani.

Angeweza kupiga foto ya mkono na mguu peke yake, kama vile daktari ao polisi wanafanya. Ingekuwa ushahidi, na ushahidi ule ungekanushwa: mkono wa nani? wapi? umekatwa na nani? Angeweza pia kumusimamisha Nsala akiangalia aparei, mkono wa mtoto mikononi mwake, kama zile foto zingine za Baringa za wakati ule. Iko moja ambamo wanaume wa Wala wamesimama pamoja na John Harris na Stannard, wakishika mikono ya ndugu zao waliouawa, Bolenge na Lingomo. Ni foto nzito. Lakini pale macho ya kila mtu yanatuangalia sisi, na wazungu wawili wako kati kama mashahidi wa mahakama.

Kwa Nsala alifanya ingine. Alimuomba aikae pembeni ya baraza, ubavu wake ukielekea aparei, na mabaki ya Boali yakawekwa mbele yake juu ya sakafu tupu. Baba hatuangalii. Hatuombi kitu. Anaangalia mtoto wake, na jicho la mwenye kuangalia foto linafuata jicho lake mpaka pale chini. Unafika kwa ule mkono kupitia yeye. Haiwezekani kuuona kama kitu kisicho na mwenyewe. Aparei nyingi za wakati ule zilitumia vioo, kila kioo foto moja, na mtu alipaswa kutulia kabisa. Nsala alitulia. Baraza ni ya misioni, safi, mimea nyuma, na watu wengine wako kule nyuma. Hakuna damu, hakuna kelele. Ule utulivu njo unaumiza.

Wengine wanamlaumu Alice juu ya hii: eti alipanga foto, kwa hiyo si ya kweli. Sisi hatukubali. Kila mpiga foto anapanga, hata ule anayechagua tu kusimama kushoto ao kuume. Kile hakupanga ni kifo cha Boali. Lakini kuna neno lingine ambalo wanaolaumu na wanaosifu wote wanalisahau. Hii foto haikuanza na Alice. Ilianza na Nsala. Ni yeye aliyeokota, aliyefunga majani, aliyetembea njia yote. Baba anayefiwa anaweza kuzika pale pale na kunyamaza. Yeye alibeba, sababu alitaka kitu kionekane na mtu mwenye uwezo wa kufanya neno. Alice alikuwa na aparei; nia ya kuonyesha ilifika pale barazani ikiwa tayari ndani ya majani. Ukiiangalia foto namna hiyo, Nsala anaacha kuwa maskini wa kuhurumiwa tu. Anakuwa shahidi aliyeleta kesi yake.

Na Alice, pamoja na wenzake, walifanya kitu ambacho wapiga foto wengi wa leo katika kambi zetu za wakimbizi hawafanyi. Waliandika majina: ya baba, ya mtoto, ya mke, ya kijiji, na ya kompanyi. Ndiyo maana miaka 120 kisha tunaweza kusema Boali. Mtoto aliyepigwa foto mwaka jana pembeni ya hema, akionekana kwenye tangazo la msaada huko Ulaya, mara nyingi jina lake halimo.

Kilichosafiri na kilichofungiwa

Foto ilipelekwa Uingereza. Mwaka uleule wa 1904 ilitokea katika gazeti la misioni na katika kitabu cha Morel juu ya utawala wa Léopold. Sasa lile neno la uongo likaanza kuwa gumu kutamka.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1904, tume ya uchunguzi ambayo Léopold mwenyewe alilazimishwa kuituma ilifika Baringa. Watu walikuja kushuhudia. Kati yao chifu mmoja, Lontulu, alileta vijiti 110. Akavipanga mbele ya wale waamuzi kwa mafungu: vya wakubwa, vya wanaume, vya wanawake, vya watoto. Kila kijiti, mtu mmoja aliyeuawa juu ya kaucho. Na kwa kila kijiti alitaja jina.

Tunaomba wanafunzi wa historia washike hii habari ya Lontulu. Hakuwa na aparei. Hakujua kuandika kwa namna ya wale waamuzi. Lakini alijua, kama Alice, kwamba maneno matupu yanakanushwa na kwamba lazima kitu kiwekwe mbele ya macho. Vile vijiti 110 vilikuwa foto yake. Tofauti ni kwamba ripoti ya tume ilipotoka mwishoni mwa 1905, ilikubali maovu mengi, lakini maneno ya mashahidi wenyewe hayakuchapwa. Yalifungiwa katika makabati huko Bruxelles, na watafiti hawakuruhusiwa kuyasoma mpaka miaka ya 1980. Foto ya Alice ilikuwa imeshatembea dunia nzima wakati ule.

Wamisionere wa Baringa walilipa. Kompanyi ilikataza watu wa vijiji kuwauzia chakula. Stannard alishitakiwa huko Boma juu ya kuchafua jina la mkubwa mmoja, na akahukumiwa. Akina Harris walirudi Uingereza, na kuanzia 1906 maisha yao yakawa barabara na majumba ya mikutano.

Tuelewe ile mikutano ilikuwa namna gani. Sinema ilikuwa bado changa. Watu walikuwa wanaangalia foto kwa taa maalum, ambayo inapitisha mwangaza katika kioo kidogo chenye picha na kuitupa kubwa ukutani. Giza ndani ya ukumbi, watu mamia, wimbo wa kanisa, kisha picha moja baada ya ingine. Alice ao John anasimama na kueleza. Mara wanaonyesha minyororo na fimbo ya kiboko ya kweli waliyoibeba toka Kongo. Mwanzoni mwa 1906 walienda Marekani, wakasema katika mikutano zaidi ya 200, katika miji 49. Waliporudi Uingereza, katika miaka yao 2 ya kwanza walihutubia, pamoja ao mmoja mmoja, karibu mara 600.

Fikiria mama wa wakati ule, katika inchi ambayo wanawake hawakuwa na haki ya kupiga kura, anasimama mbele ya ukumbi mzima kueleza mambo ya kukatwa mikono. Wengi walikuja kusikiliza bwana, wakaondoka wanazungumza juu ya bibi. Mwandishi wa Marekani Mark Twain alitoa mwaka wa 1905 kitabu kidogo cha kumcheka Léopold, ambamo anamfanya mfalme analalamika juu ya aparei ya foto, sababu yeye aliweza kuhonga kila shahidi isipokuwa huyo. Foto za Baringa zilikuwa ndani ya kile kitabu.

Jina la Alice, lakini, halikusafiri sawasawa na foto zake. Kwa miaka mingi zilichapwa bila jina, ao zikahesabiwa kuwa za bwana yake. Vitabu vilimtaja kama mke wa Reverend Harris aliyekuwa pia na aparei. Sehemu ilikuwa desturi ya wakati, mke kufichwa ndani ya jina la mume. Sehemu, tunafikiri, alikubali mwenyewe, sababu kwake foto haikuwa kitu cha kuwekea jina kama vile msanii anaweka. Ilikuwa chombo. Kama ingeweza kufanya kazi bila jina lake, ifanye. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba watu walichelewa sana kumhesabu kati ya wapiga foto wakubwa, na mpaka leo wengi wanajua foto bila kumjua.

Alichotaka, na ambacho hakutaka

Mwaka wa 1908, mwezi wa kumi na moja, Léopold alinyanganywa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Alikufa mwaka uliofuata. Haikuwa kazi ya foto peke yake: kulikuwa Casement, Morel, mabunge, feza, na magombano ya mataifa ya Ulaya. Lakini bila zile picha za ukutani, zile mabarua na mikutano zisingekuwa na moto wa namna ile.

Je, Alice alitaka Kongo iwe huru? Hapana, na ni vizuri tuseme wazi. Yeye na bwana yake, na Morel pia, walitaka utawala wa Léopold uishe, si utawala wa wazungu. Waliamini kwamba kuna ukoloni mubaya na ukoloni mwema, na kwamba misioni iko upande wa ule mwema. Turudi sasa kwa ile foto ya nguo nyeupe na watoto wengi. Pale unaona Alice alivyojiona mwenyewe: mlezi. Kwenye zile kumbi za Uingereza, Mukongo alikuwa picha ukutani, na mzungu alikuwa sauti. Hakuna mtu wa Baringa aliyepanda juu ya ile jukwaa. Nsala alionekana na watu maelfu, hakusikiwa na hata mmoja. Ile namna ya kuonyesha Mwafrika, kimya na mwenye kuteseka, mpaka mtu wa Ulaya aguswe na atoe feza, iliishi muda mrefu kuliko Léopold, na tunaijua vizuri huku kwetu Mashariki.

Ni deni la Alice hili, pembeni ya sifa zake. Hatuoni sababu ya kufuta moja juu ya ingine.

Mwaka wa 1911 na 1912 walirudi Kongo kuangalia kama mambo yalibadilika kweli. Walitembea sana, na Alice alipiga tena foto nyingi. Hali ilikuwa imepungua ukali, lakini kazi ya lazima haikuisha. Zile foto za safari ya pili hazijulikani kama za kwanza. Zinaonyesha watu wakiwa kwenye maisha yao, na dunia haikuwa na haraka ya kuziona. Mpiga foto akishajulikana kwa maiti, ni vigumu watu wamfuate kwenye soko ao kwenye kazi za kila siku. Bwana yake alitoa kitabu mwaka wa 1912 chenye foto zake.

Tangu 1910 wote wawili walikuwa wanafanya kazi ya ukatibu katika chama cha kupinga utumwa huko London, chama ambacho kilitunza vioo vingi vya Alice. John alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1933. Kwa desturi ya Waingereza, mke wa Sir anaitwa Lady. Alice hakukipenda kile cheo, aliwaomba watu wasimuite hivyo. John alikufa mwaka wa 1940. Yeye aliendelea kuishi miaka 30 tena.

Aliona vita vya pili vikiisha, aliona Kongo ikipata uhuru mwaka wa 1960. Katika mwaka wa 1970, akiwa ametimiza miaka 100, watu wa redio ya BBC walimfuata na mikro yao na akawasimulia mambo ya Baringa. Sisi watu wa redio tunapenda kukumbuka hii: mama ambaye maisha yake yote yalijulikana kwa jicho, mwishowe aliacha pia sauti. Alikufa mwezi wa kumi na moja wa mwaka uleule.

Mwaka wa 2014 foto zake zilitolewa tena mbele ya watu, huko Liverpool na huko London. Kwa ile ya London, waliotayarisha hawakutaka ziwe peke yake. Walimualika Sammy Baloji, mpiga foto wa Lubumbashi, ambaye kazi yake inajulikana kwa kukata watu kutoka foto za wakoloni, wafungwa wenye minyororo shingoni na wafanyakazi wa migodi, na kuwasimamisha katikati ya viwanda vya Gécamines vilivyokufa, ili babu na mabaki ya kazi yake waonekane katika foto moja. Kazi zake zilitundikwa katika nyumba ile ile na foto za Alice, mwaliko mmoja, wageni walewale. Baloji alizaliwa mwaka wa 1978, miaka 8 kisha ya Alice kufa.